Vitabu vya vijana: mzazi asome kwanza, ndipo akataze

Mtoto wa miaka 13 akikutwa na kitabu chenye picha, mzazi huuliza swali moja tu: "Hicho kinatoka kwenye mtihani?" Kikiwa hakitoki, kinawekwa juu ya kabati mpaka likizo. Riwaya nene yenye jalada la kung'aa hunusurika, kwa kuwa inaonekana ya maana. Lakini mzazi akizisoma mwenyewe, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mizani hubadilika. Kitabu kinachofaa kuliko vyote katika hivi vinavyotajwa leo ni cha katuni, na riwaya nene kuliko zote ingeweza kupunguzwa theluthi nzima bila mtu kulalamika.

Kitabu hicho cha katuni ni When Stars Are Scattered, kilichotoka mwaka 2020. Kimeandikwa na Omar Mohamed akishirikiana na mchoraji wa Marekani, Victoria Jamieson, na kinasimulia maisha ya Omar mwenyewe. Yeye na mdogo wake Hassan walikimbia vita Somalia wakiwa wadogo, wakatenganishwa na mama yao, wakakulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, huko Garissa nchini Kenya. Hassan huanguka kifafa, na hasemi neno lolote isipokuwa moja la Kisomali, "hooyo", yaani mama.

Anayetarajia njaa ya kwenye mabango ya misaada hataikuta hapa. Njaa ipo, lakini kinachotesa zaidi ni kungoja. Watu wanangoja maji, wanangoja mgao wa chakula, wanangoja majina yabandikwe ili wajue nani ameitwa kuhojiwa aende nchi nyingine. Miaka inapita wakingoja. Katikati ya hayo watoto wanacheza mpira, wanataniana, wanagombana, wanasengenya majirani, kama watoto wa mtaa wowote.

Jambo zito limo ndani ya hema. Omar anapata nafasi ya kuanza shule, na furaha yake haidumu hata ukurasa mmoja, kwa sababu akienda darasani nani atabaki na Hassan? Yuko Fatuma, mama mtu mzima wa hema la jirani aliyewalea kama wanawe. Hata hivyo Omar anaona kumwachia ndugu yake ni kumtupa. Anampenda Hassan, na kuna siku anachoka naye. Kitabu kinasema yote mawili bila kumlaumu.

Hapo ndipo kinapomgusa mzazi. Nyumba nyingi zina Omar wao: binti wa kwanza anayebeba mgongoni mdogo wake, au kaka anayekosa mechi kila Jumamosi kwa kuwa lazima amwangalie mwenzake mwenye ulemavu. Watu humsifu kwamba ana moyo, na wakishamsifu hawamwulizi tena kama amechoka. Mtoto wa namna hiyo akisoma kurasa za Omar anaweza kusema neno ambalo hajawahi kulisema mezani.

Kasoro zipo. Sehemu ya mwisho inakimbia, miaka inarukwa, na rafiki ambao msomaji ameshawazoea wanaagwa kwa picha mbili tatu. Kisa cha msichana hodari darasani anayeozwa angali mwanafunzi kilistahili nafasi kubwa zaidi. Kiingereza chake ni chepesi, wa kidato cha kwanza atakimudu. Wa darasa la sita atahitaji mtu wa kumsaidia hapa na pale, na msaidizi huyo ajiandae, maana kuna kurasa zitakazomfanya aombe udhuru aende jikoni.

Katuni ya pili si ya umri huo. Aya de Yopougon ilianza kutoka kwa Kifaransa mwaka 2005, na imetafsiriwa kwa Kiingereza. Mwandishi wake, Marguerite Abouet, alizaliwa Abidjan, Ivory Coast, akahamia Ufaransa akiwa na miaka 12. Michoro ni ya Clément Oubrerie. Mwaka uliofuata albamu ya kwanza ilishinda tuzo katika tamasha la katuni la Angoulême. Mambo yanatokea mtaa wa Yopougon mwaka 1978. Aya ana miaka 19 na anataka kuwa daktari. Marafiki zake Adjoua na Bintou wanataka dansi, wavulana na nguo nzuri. Usiku, meza tupu za sokoni hugeuka mahali pa wapenzi, na vijana wamepaita hoteli ya nyota elfu moja.

Mama atakayefungua kurasa hizo atataka kukifunga kitabu. Asikifunge. Adjoua anapata mimba, na kuanzia hapo kinachochekesha na kuuma kwa pamoja ni watu wazima: baba tajiri anayejali zaidi jina la familia kuliko mtoto anayekuja, wazazi wa binti wanaopiga hesabu ya ndoa kabla hawajauliza kilichotokea, na baba yake Aya mwenyewe, mwenye heshima zake nyumbani, aliye na nyumba nyingine huko mbali. Vijana wanakosea hadharani, wazazi wanakosea kwa siri. Akina baba watachukia, lakini wakikisoma kwa utulivu watakuta hakuna aliyesingiziwa. Ubaya wake ni wingi wa watu. Kuanzia kitabu cha tatu msomaji anapotea: huyu ni mtoto wa nani, yule alikosana na nani. Kinawafaa wa miaka 16 na kuendelea.

Jambo hilohilo la binti na ukali wa nyumbani limo katika Kiswahili tangu 1971, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa sababu ya uwazi wake, baadaye ikarudi ikasomeshwa. Wazazi wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani, wakakariri wahusika na dhamira, wakasahau kilichomo. Kilichomo ni baba mlevi, Zakaria, anayemlinda binti yake kwa fimbo. Rosa anakua akiwaogopa wavulana kama moto, hajui hata kuzungumza nao. Anapofika mbali na fimbo ile, hana kingine cha kumwongoza.

Ukiisoma leo, Kezilahabi anaonekana amempa Rosa adhabu nzito mno. Wanaume waliomtumia wanatoka mchezoni wakipangusa vumbi, yeye anazikwa. Msichana wa kidato cha tatu ataliona hilo haraka kuliko mwalimu wake, na atauliza kwa nini. Lakini nusu ya kwanza, ile ya nyumbani kwa Zakaria, haijazeeka hata siku moja. Ingefaa isomwe na baba kabla ya binti.

Baba wa namna nyingine yuko katika The Hate U Give ya Angie Thomas, ya mwaka 2017. Starr, msichana Mmarekani mweusi wa miaka 16, anaona rafiki yake akipigwa risasi na polisi. Watu husifu kitabu hiki kwa habari ya polisi na maandamano, lakini kinachobaki akilini ni wazazi. Maverick aliwahi kufungwa, sasa ana duka, na anaongea na watoto wake kuhusu hatari kabla haijafika, kwa maneno ya wazi. Anakosea, mkewe anamsahihisha mbele ya watoto, na nyumba haianguki. Matusi ni mengi. Anayemkinga mtoto na matusi ajue hilo mapema, ingawa huenda mtoto huyo anayasikia yote stendi ya daladala.

Riwaya nene iliyotajwa mwanzoni ni Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2018. Inapita kurasa 500. Ni habari za uchawi uliofutwa na mfalme na msichana anayetaka kuurudisha, na majina na miungu imechotwa kwa Wayoruba. Mwanzo wake unakamata kweli, na kwa mtoto aliyezoea visa vya ngome na theluji za Ulaya, kukuta mashujaa weusi ni furaha kubwa. Halafu inarudia. Wanakimbia, wanakamatwa, wanatoroka, wanakimbia tena. Mapenzi kati ya Zélie na mtoto wa mfalme aliyekuwa akimwinda yanazuka ghafla kama mvua ya Januari, na hakuna anayeyaamini isipokuwa wao wawili. Kuna mateso yaliyoelezwa kwa kina, kwa hiyo si ya mtoto wa miaka 10 hata akiwa msomaji hodari.

Ipo pia Death Note, katuni ya Kijapani ya Tsugumi Ohba na Takeshi Obata, iliyotoka kati ya 2003 na 2006 katika vitabu 12. Mwanafunzi anayeongoza darasani anaokota daftari: akiandika jina la mtu huku akiijua sura yake, mtu huyo anakufa. Anaanza na wahalifu. Watoto wengi wameiona kwenye simu ikiwa filamu ya katuni, na mzazi akisikia neno daftari la mauti hutaka kuita kiongozi wa dini. Ukweli ni kwamba vitabu vya mwanzo vinauliza swali gumu, nani amempa mtu ruhusa ya kuamua nani afe, na vinamwacha msomaji ampende muuaji kidogo ili baadaye ajishtukie. Katikati, mpinzani wake mkuu akishaondoka, kasi inapungua na maneno yanajaa ukurasa mzima. Wahusika wa kike wamechorwa vizuri na kuandikwa vibaya. Miaka 15 ni umri wa haki, na vinasomwa kuanzia kulia.

Kwa asiye na fedha ya vitabu, Wakenya walianza kutoa Shujaaz mwaka 2010, katuni ya bure iliyowafikia vijana ikiwa ndani ya gazeti. Boyie, kijana asiye na kazi, anaendesha redio ya siri chumbani kwake na kujiita DJ B. Mara nyingi somo la kilimo au la afya linachungulia mno nyuma ya pazia, lakini vichekesho ni vya kweli na vijana wanaongea kama vijana. Lugha ni Sheng, kwa hiyo mzazi wa Tabora atahitaji mtoto wa dada yake aliyeko Nairobi amfasirie.