Mashine Kubwa Haipogoi Mti

Katika vyuo vyetu na ofisi zetu za umma imejengeka imani kwamba kila tatizo gumu la hesabu huisha kwa kununua kompyuta yenye kasi zaidi. Naipinga imani hiyo, na ushahidi wangu nauchota katika mantiki.

Chukua fomula yenye vigeu 100, kila kimoja kikiwa kweli au uongo. Je, upo mpangilio unaoifanya fomula nzima iwe kweli? Ratiba ya mitihani huweza kuandikwa kwa sura hiyo, na uhakiki wa saketi pia. Idadi ya mipangilio ina tarakimu 31. Ukiikagua mmoja mmoja, kisha ukanunua mashine yenye kasi mara 1,000, hujajiongezea hata vigeu 10. Fedha ya umma imeteketea.

Waliopunguza ugumu huu walishika mkasi wa kupogoa. Mwaka 1962 Davis, Logemann na Loveland walionyesha namna ya kuliacha tawi la utafutaji mara linapopingana na fomula. Mwaka 1996 Marques-Silva na Sakallah, kwa programu yao GRASP, walikwenda mbali zaidi: programu ikigonga mwamba, huchunguza maamuzi yaliyoleta mgongano, huandika sharti la kuyazuia yasikutane tena, kisha hurudi nyuma hadi uamuzi unaohusika, ikiyaruka yasiyohusika. Mgongano mmoja hufuta matawi mengi ambayo hayajakanyagwa bado. Ndiyo maana leo fomula nyingi za viwandani, zenye vigeu mamilioni, hutatulika.

Wapo watakaonijibu kwamba mwaka 2016 Heule, Kullmann na Marek walitumia vichakataji 800 vya kompyuta kuu kwa siku mbili. Ni kweli. Lakini swali lao, la kuzipaka rangi mbili namba 1 hadi 7,825, lilikuwa na mipangilio ambayo idadi yake ina tarakimu zaidi ya 2,300. Walipogoa kwanza, zikabaki hali zisizofika trilioni moja, mashine ikamalizia. Bila mkasi, kompyuta zote za dunia zisingefua dafu.

Basi wanafunzi, daini mantiki ifundishwe kwa kina, si matumizi ya programu tu. Nanyi watumishi wa umma, kabla ya kutia saini hati ya ununuzi, ulizeni: tumepogoa nini? Jibu likikosekana, kalamu iwekwe chini.