Rejista ya Zahanati Ihesabiwe Katika Tathmini ya Maji

Mradi wa umeme unapopangwa, swali la kwanza huwa ni megawati ngapi zitazalishwa, na la pili ni gharama. Maji hufuata baadaye, nayo huhesabiwa kwa lita: yatachotwa kiasi gani, kutoka chanzo kipi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: watu wangapi wanaugua leo kwa sababu ya maji hayo hayo, na nani atatambua idadi yao ikiongezeka?

Kwa wakazi wa Simiyu, jambo hili liko mlangoni. Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, inapakana na Maswa na Meatu. Huko, katika kijiji cha Ngunga, ndiko ulikopangwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, ambao mkataba wa awamu yake ya kwanza, ya megawati 50, ulitiwa saini mwaka 2023. Jua la Kishapu ndilo jua la Bariadi. Si ajabu miradi ya aina hiyo ikavuka mpaka.

Umeme wa jua una sifa njema. Hauhitaji bwawa wala mvuke. Maji yake ni ya ujenzi na ya kuosha vumbi kwenye paneli. Hata hivyo, uchache wa maji hupimwa kwa kulinganisha na yaliyopo. Pale ambapo kiangazi hukausha mito, watu na mifugo wakabaki na malambo na visima, kila kisima kipya kinachochimbwa ni jambo la afya.

Hatari zenyewe zinafahamika. Mashimo yanayochimbwa ili kupata kifusi hujaa mvua, yakawa makazi ya mazalia ya mbu na ya konokono wanaoeneza kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa inaujua vema. Visima virefu katika baadhi ya maeneo ya ukanda huu hutoa maji yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa kwa miaka huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa mno hata mifupa hudhurika. Kambi za wafanyakazi zisizo na vyoo bora huongeza kuhara.

Ghana ilikwisha kutoa somo. Bwawa la umeme la Akosombo lilipokamilika mwaka 1965, maji ya mto Volta yalituama na kuwa ziwa kubwa. Katika miaka michache kichocho cha mkojo kilienea mno miongoni mwa watoto wa vijiji vya kandokando. Simiyu haijengi Akosombo, lakini konokono haulizi ukubwa wa dimbwi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele ya matumizi mengine. Kinachokosekana ni daraja kati ya mpimaji wa maji na mganga wa zahanati.

Wapo watakaosema kwamba masharti mapya yatachelewesha umeme, na hospitali nazo zinauhitaji kwa upasuaji, chanjo na watoto njiti. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kupima mkojo wa wanafunzi wa shule chache na floraidi ya visima vilivyo karibu ni kazi ya majuma, ilhali mradi hudumu miongo. Wengine watasema rejista za MTUHA haziwataji wasiofika kituoni. Ndiyo sababu upimaji huo wa shuleni unahitajika pamoja nazo.

Basi mganga mfawidhi wa zahanati iliyo jirani na mradi asisubiri kualikwa. Aandae takwimu za miaka mitatu za kichocho, kuhara na malaria, mwezi kwa mwezi, azifikishe kwa mganga mkuu wa wilaya na katika mkutano wa kijiji. Mgonjwa naye aseme bayana anachota maji wapi. Ugonjwa usiohesabiwa kabla ya ujenzi hauwezi kudaiwa fidia wala tiba baada yake.