Kirikou na swali lake: "Kwa nini Karaba ni mbaya?"



Siku ya posho iliyopita niliwaita watoto wa jirani nyumbani, tukatazama filamu ya Kirikou kwenye kompyuta ya kuazima. Inasemwa kwa Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa nikiisimamisha na kuwaeleza kwa Kiswahili.

Kwa asiyeijua: ni filamu ya katuni iliyotoka mwaka 1998. Aliyeitunga ni Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi utotoni Conakry, nchini Guinea. Muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Kirikou anazungumza akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha anatoka mwenyewe na kujikata kitovu. Hapo watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye mkeka.

Lakini kijiji anachozaliwa kinalia. Chemchemi imekauka, wanaume wametoweka, na kila mtu ana jibu moja: ni Karaba mchawi, amekausha maji na kula wanaume. Kirikou, mdogo kuliko wote, ndiye anayeuliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Wakubwa wanamfukuza na swali lake.

Basi anakwenda kutazama mwenyewe. Ndani ya chemchemi anakuta mnyama aliyevimba kwa kunywa maji. Kumbe si Karaba aliyeikausha! Babu yake mlimani anamwambia pia kwamba Karaba hali watu. Wanaume amewageuza kuwa sanamu zinazomtumikia. Ubaya anaufanya kweli, ila una chanzo. Siku moja wanaume walimkamata, wakamshika kwa nguvu, wakamchoma mwiba wa sumu mgongoni. Tangu hapo anaumwa usiku na mchana.

Msichana mmoja wa darasa la nne akaniuliza: "Mwalimu, mbona hakuomba watu wamtoe ule mwiba?"

Nilinyamaza kidogo. Katika filamu, Karaba anaogopa kwa sababu kuutoa kunauma sawa na siku ulipoingia. Wamama wa Fizi, hilo hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 2011, korti ya kijeshi ilipokaa hapa Baraka, wanawake walisimama kusema yale waliyotendewa na askari. Wale walitoa mwiba mbele ya watu. Wengine bado wanao, na jirani anasema tu: "Yule mama ana roho mbaya." Nilimjibu mtoto: "Kusema pia kunauma. Inapashwa kuwe na mtu wa kusikiliza."

Kuna jambo la pili. Huku kwetu jina la kamchape tunalijua. Tunajua mama wazee walioonyeshwa kidole, wakachomewa nyumba au kuuawa, kwa sababu mtoto fulani aliugua au mvua ilikataa. Watoto wetu wanasikia maneno hayo jikoni, wakiwa wanachambua sombe pamoja nasi. Mtoto aliyezoea kuuliza "nani ameona? kwa nini?" hatabeba jiwe kesho kumfuata bibi wa mtu.

Mkitazama na watoto, simamisheni filamu pale kwenye chemchemi muwaulize: nani amekausha maji? Watasema Karaba. Kisha endeleeni, waone wenyewe. Mwishoni, wanakijiji wanapotaka kulipiza kisasi juu ya Karaba, ulizeni tena: ninyi mngefanya nini? Msiwape jibu haraka.

Wapo watakaolalamika kwamba watoto wako uchi na wanawake vifua wazi. Ocelot alikataa kuwafunika, kwa maana ndivyo alivyoona alipokuwa mtoto Guinea. Kwangu hakuna mtoto aliyeshangaa. Waliulizia mwiba tu.

Na asiye na kompyuta wala umeme asihuzunike. Hadithi hii inasimuliwa vizuri hata kando ya moto, ugali ukiiva. Mtoto akikuuliza "kwa nini" katikati, usimwambie anyamaze.

Kuuliza si ujinga. Tuonane juma lijalo.