Ufa wa Chokaa Hauzibwi kwa Simiti

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, hawakutuambia ufa huo uzibwe kwa nini. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, swali hilo ndilo lenye uzito.

Majumba ya Lamu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa huupa unyevu uliomo ukutani njia ya kutokea. Simiti, kinyume chake, huufungia ndani. Fundi asiyejua tofauti hiyo huipaka simiti juu ya ukuta mkongwe, na mwenye nyumba akafurahia ugumu wake. Kumbe huko ndani chumvi yala mawe, na ncha za boriti zilizopachikwa ukutani zaoza.

Mnamo Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka lilipokuwa likikarabatiwa. Watu wawili wakafariki. Visababishi vya majengo kuanguka hutofautiana, lakini funzo ni moja: jengo la kale halisubiri, wala si mahali pa kubahatisha.

Je, ujuzi huu hupatikana wapi? Maelezo ya kuzima chokaa kwa maji yaweza kuenea katika ukurasa mmoja wa kitabu. Lakini kutambua kwamba chokaa imeiva, au kwamba lipu imekauka kiasi cha kupakwa tabaka la pili, ni elimu ya jicho na kiganja. Mwanagenzi huipata kando ya fundi wake, akikosea na kusahihishwa. Fundi akifariki bila mwanagenzi, elimu hiyo huzikwa naye.

Watakuwapo wasemao kwamba chokaa ni ya gharama na huchelewesha kazi. Ni kweli. Lakini ukuta uliozibwa vibaya hugharimiwa mara mbili: kwanza kuubandua simiti, kisha kuutengeneza upya.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, unasisitiza kutenda kuliko kukariri. Basi walimu na wawapeleke wanafunzi kwa mafundi, vyuo vya ufundi viwatahini na kuwatunuku vyeti, na mafundi wazee walipwe kama wakufunzi. Tukiwaenzi kwa sifa tupu, tutabaki na orodha ya urithi pasipo mikono ya kuutunza.