Uuguzi Ukiwa na Miaka 40: Usichague Njia kwa Sababu ni Fupi



Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa kambini, akina baba na akina mama wenye miaka 35, hata 40, wanatuuliza: "Je, bado naweza kusomea uuguzi?" Mimi najibu ndiyo. Lakini maoni yangu ni haya: usichague masomo kwa sababu ni mafupi au ada yake ni ndogo. Chagua njia inayokufikisha kwenye leseni.

Tutazame Rwanda yenyewe. Zamani muuguzi wa ngazi ya A2 alitoka shule ya sekondari akaingia kazini. Mwaka 2007 serikali ilianza kuachana na mafunzo hayo. Shule za Byumba, Kabgayi, Kibungo, Nyagatare na Rwamagana zikawa za A1, yaani miaka 3 baada ya sekondari. Wauguzi wengi wa A2, watu wazima wenye watoto, walirudi kusoma huku wakifanya kazi. Basi umri si kizuizi. Ila ona pia kwamba aliyepita njia fupi alisoma mara mbili.

Tangu mwaka 2021 uuguzi wa ngazi ya sekondari umerudi, lakini unalenga vijana wanaomaliza mwaka wa tatu. Mzazi asiutegemee.

Ukifika Hospitali ya Kibagabaga, wilayani Gasabo, Kigali, muuguzi anayekupokea ni lazima awe amesajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga. Hiyo ni sheria. Vyeti vyetu sisi wa kujitolea vina thamani yake, lakini havituruhusu kufanya kazi ya muuguzi. Jihadhari na yeyote anayekuambia kwamba miezi michache inatosha.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, jiulize maswali manne:

1. Je, nilimaliza sekondari na kufaulu biolojia na kemia? Kama ulisoma Kongo, diploma yako inahitaji cheti cha ulinganifu.

2. Je, Kiingereza changu kinatosha? Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa.

3. Nani atalipa? Msaada wa DAFI, unaosomesha wakimbizi tangu mwaka 1992, una kikomo cha umri. Uliza kwanza kama bado unahusika.

4. Nani atabaki na watoto? Uuguzi haufundishwi darasani tu. Kuna mazoezi hospitalini, mengine ya usiku.

Zungumza na mwenzako nyumbani juu ya swali hilo la nne kabla ya mengine yote. Nyumba isiyokubaliana hukatisha masomo katikati, na pesa hairudi.

Kama majibu bado hayajakamilika, si aibu. Anza na Kiingereza jioni, fuatilia ulinganifu wa diploma, weka akiba kidogo kidogo. Mwaka mmoja wa kujiandaa si mwaka uliopotea. Lakini usichukue pesa ya chakula cha watoto kulipia karatasi ambayo Baraza haliitambui. Uliza Baraza kwanza, ndipo ulipe.

Mhudumu wa afya wa kujitolea