Zawadi za Kampuni za Dawa



Mla cha mwenzie na chake huliwa. Huko Marekani, wauzaji wa Purdue walianza mwaka 1996 kuwasifia madaktari vidonge vya OxyContin, wakisema havimtawali mtu upesi. Mwaka 2007 kampuni na wakubwa wake watatu walikiri makosa kortini. Wagonjwa walikuwa wamekwisha kuumia.

Sheria ya 2010 yataka kampuni zitangaze zawadi wanazopewa madaktari. Lakini madaktari wanaojifunza kazi hospitalini wameachwa nje! Samaki hukunjwa angali mbichi, na muuzaji ajua hayo.

Madaktari hao walianzisha chama chao New York mwaka 1957. Basi chama kidai mafunzo yasiyolipiwa na muuzaji. Mgonjwa ni mfanyi kazi. Mwili wake ndio mtaji wake.

Umoja ni nguvu.