Dagaa wa Kigoma na ziwa lisilokorogeka

Usiku wa giza, Ziwa Tanganyika mbele ya Kigoma huwaka taa kama mji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Mwanga huvuta vidudu vya majini, vidudu huvuta dagaa, kisha wavu uliotegwa chini yao hupandishwa taratibu. Kukipambazuka mitumbwi huingia Kibirizi na Katonga. Hapo akina mama hutandaza dagaa kwa viganja, wakiwatenganisha ili asiwepo wa kumlalia mwenzake akamwozesha. Aliyekaukia jua zuri hukunjika kidogo na kung'aa, na akiungwa kwa mawese, Kigoma hakuna anayeulizia nyama.

Mwaka 2024 taa hizo zilizimwa. Tanzania, kwa makubaliano na nchi jirani, ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Je, uamuzi ule ulikuwa sahihi? Ulikuwa sahihi, lakini umebebeshwa mzigo usio wake. Kufunga ziwa kunagusa suala la nani anamla dagaa. Dagaa mwenyewe anakula nini, hilo halikuzungumzwa sana.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, ila oksijeni haishuki zaidi ya mita mia moja hadi mia mbili hivi. Rutuba nyingi imelala chini ya hapo. Anayejua uji wa ulezi uliosahaulika mezani ataelewa: uzito wote umetuama, juu yamebaki maji. Mwiko wa Tanganyika ni upepo wa kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa Zambia maji baridi ya chini hupanda na rutuba yake. Vijimea visivyoonekana kwa macho hustawi, vidudu hula vijimea, dagaa hula vidudu, na samaki mkubwa aitwaye mgebuka humla dagaa.

Sasa maji ya juu yamezidi kupata joto. Maji ya moto ni mepesi. Hukaa juu ya yale ya baridi kama kifuniko, na upepo uleule hauwezi tena kukoroga kama zamani. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea hivyo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, kiasi kinachoweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimbua tope la sakafu ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki, wakaona upungufu ulianza karne ya 19, kabla meli za uvuvi wa kibiashara hazijafika miaka ya 1950.

Wapo waliopinga. Jouko Sarvala wa Finland na wenzake walisema mabadiliko ya mavuno yanaelezeka kwa uvuvi wenyewe. Hoja yao haipuuziki, kwa maana nyavu zimeongezeka kweli. Lakini tope halina sababu ya kumtetea mvuvi, na linaonyesha kwamba njaa ilitangulia nyavu.

Ufaransa kuna mfano unaofanana na huu. Katika Ghuba ya Lion, bahari ya Mediterania, dagaa wa huko waliokuwa na wastani wa sentimita 15 walipungua hadi 11 katika muda wa miaka kama kumi. Watafiti walichunguza uvuvi, wanyama wanaowala na magonjwa. Hakuna lililotosha kuwa sababu kuu. Shaka ikaangukia planktoni, yaani vijimea na vidudu vya majini, iliyokuwa imepungua ukubwa. Walipowafuga kwenye matangi, samaki waliopewa chembe ndogo walihitaji chakula mara mbili ili wakue sawa na waliopewa kubwa. Kuchuja vipande vidogo kunachosha mwili.

Dagaa wa Tanganyika huishi mwaka mmoja hivi na huzaa karibu mwaka mzima. Samaki wa namna hiyo hurudi upesi akipumzishwa, mradi akute chakula. Kwa hiyo kuchagua miezi ya kusi kulikuwa na busara: dagaa wachanga wanapewa nafasi wakati ambapo meza inaandaliwa. Kosa ni kufungua Agosti kwa mitumbwi ileile, taa zilezile na pupa mpya, kana kwamba ziwa bado linalisha kama lilivyolisha miaka ya zamani.

Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma. Joto la maji na wingi wa planktoni vipimwe kila msimu, matokeo yasomwe hadharani mialoni, na idadi ya leseni ipandishwe au ishushwe kulingana nayo, kwa Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia kwa pamoja. Mama wa Kibirizi anayekaa miezi mitatu na vichanja vitupu hakulipasha joto ziwa hili. Anastahili kuambiwa, kabla taa ya kwanza haijawashwa, ziwa lina chakula cha dagaa kiasi gani mwaka huu na ni mitumbwi mingapi itaruhusiwa kumfuata.